Masomo Saba Mlangoni

Mlango wa nyumba yetu ya Muyinga ni wa mbao za mikaratusi, haujapakwa rangi hata siku moja. Mwanangu mdogo ni fundi cherehani. Siku mjukuu wangu alipopangiwa shule ya Gitega, fundi huyo alitoa mfukoni chaki yake ya kukatia nguo akaandika masomo saba upande wa ndani wa mlango huo. Hisabati. Fizikia. Kemia. Biolojia. Jiografia. Kiingereza. Kiswahili. Aliyaandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini, akarudi nyuma kidogo kama anavyofanya akitazama gauni lililotundikwa.

"Haya ndiyo yatakayokutoa," alimwambia mtoto. "Mengine yaache yapite."

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Kusoma na kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kina mama la kanisa, tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Nilichojaliwa ni majina. Jina nikilisikia mara moja silipotezi, na mwenye jina simpotezi. Hapa sitaandika hata moja, kwa sababu watu hawa wapo, tunakutana sokoni na kanisani.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu mkubwa, tuliyemzika kulekule Tanzania. Mama yake akaolewa kwingine. Tuliporudi Burundi mtoto alikuwa darasa la nne, anaongea Kiswahili kama redio, Kirundi cha kuokoteza, Kifaransa hata salamu hajui. Wenzake wa Muyinga walimcheka mpaka akazoea. Akipewa hesabu za namba tupu, lakini, walinyamaza wao.

Aliyempa kiu ya sayansi ni mama mmoja wa maabara, kwenye kituo cha afya. Homa ilikuwa imenishika, akanitoboa kidole, akaweka damu yangu kwenye kioo. Mtoto alikuwa amenisindikiza, akasimama pale hataki kuondoka. Yule mama akacheka, akamwambia, "Njoo uone, sha, mdogo wangu." Mtoto akainamia hadubini muda mrefu. Njiani akaniambia, "Bibi, nimewaona wanaokuumiza. Wako kama pete ndogo zenye kito." Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Akauliza mwenyewe, akaambiwa: lazima umalize sekondari, mkondo au seksio ya sayansi, upate diploma ya serikali, ndipo shule ya maabara ikupokee. Bila diploma ile, mlango haufunguki.

Kwa hiyo aliposhinda mtihani wa mwaka wa tisa na kupangiwa sayansi, tena Gitega, tulipika wali siku ya kawaida. Na baba yake mdogo akatoa chaki.

Ni lazima niseme huyu mwanangu ni nani kwetu. Katika waliorudi upande wetu wote, ni yeye peke yake mwenye kidato cha nne cha Tanzania. Mtu akiletewa karatasi ya Kiingereza, anapelekewa yeye. Baba wa mtoto akifa, baba mdogo ndiye baba; akisema jambo la shule, mimi nani wa kulipinga? Yeye kule alikuwa ameacha fizikia na kemia alipofika kidato cha tatu, kama sheria ya kule inavyoruhusu, na matokeo yake, divisheni wanavyoita kule, yakahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Historia ilimwangusha vibaya, wala haikumdhuru. Hiyo ndiyo hadithi aliyokuwa akitusimulia miaka yote, jinsi alivyowapita wenzake waliong'ang'ania kila kitu.

"Baba mdogo," mtoto alimuuliza siku ile, "na Kifaransa? Na Kirundi? Na uraia?"

"Mwenye mbuzi wengi hawafungi wote kamba moja. Chagua saba wanono."

"Lakini hapa masomo ni mengi, na yote yana mwalimu."

"Yawe mengi! Mimi nimesoma au sikusoma?"

"Umesoma."

"Basi."

Nilimwona mtoto akishusha mabega. Si kwa huzuni. Alifarijika. Kifaransa ndicho kilichokuwa kikimfanya achekwe, na leo mkubwa wa nyumba amempa ruhusa ya kukiacha.

*

Gitega tulipata chumba mtaa wa Musinzira, kwa mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini, anayeuza vitenge. Nilikwenda na mtoto ili nimpikie na kumwangalia, kwa kuwa shule ile haikuwa na mabweni. Asubuhi alikuwa akipanda kilima cha Mushasha kwenda shule pamoja na wanafunzi wengine, mimi nachambua maharage mlangoni, mama wa vitenge anafunga mzigo wake wa sokoni na kusema. Mama yule alikuwa anasema hata akiwa peke yake.

Jioni mtoto alisoma masomo yake saba. Aliyapenda kweli, alikuwa akinichorea moyo wa binadamu kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia mboga, damu inaingia huku, inatokea huku, halafu ananiomba radhi, anaosha ubao. Kifaransa hakukifungua. Binti wa mama wa vitenge, aliyekuwa mbele yake mwaka mmoja, alikuwa akikariri Kifaransa chake kwa sauti chumba cha pili, na wangu anaziba masikio asichanganyikiwe na fizikia.

Mama wa vitenge ndiye aliyegundua.

"We, mama, mtoto yako hasomi Kifaransa hata kidogo?"

Nikamweleza mpango wa mlangoni. Aliacha kukunja kitenge.

"Saba? Saba ya nini? Huku kuru yote, kila somo, iko na pointi, mama. Yote! Hata ile ya kuchora. Ukianguka nyingi, unarudia. Ukirudia ukaanguka tena, banakufukuza. Nani alikudanganya?"

"Hakunidanganya. Mwanangu amesoma Tanzania."

"Basi aende kupatia diploma ya Tanzania. Mi nakuambia, huku si Tanzania."

Nilimpigia mwanangu simu siku hiyohiyo. Nikamweleza nilivyosikia. Akacheka. "Mama, huyo ni muuza vitenge. Mimi nikienda kwake kununua kitenge, nitamfundisha kupima mita?"

Neno lilikaa vizuri. Mama wa vitenge niliporudi kwake na jibu hilo hakukasirika. "Sawa," alisema. "Lakini kitenge ikikatwa vibaya, mwenye nguo ndiye analia, si fundi."

Buletini ya kwanza, karatasi ya alama za muhula, ikatoka. Alama zilizo chini ya nusu wanaziandika kwa rangi nyekundu. Mwanangu akapiga simu, mtoto akasimama uani, buletini mkononi.

"Hisabati?" Mtoto akamtajia. Baba mdogo kule akapiga kelele ya furaha. "Biolojia? Kemia? Kiingereza?" Akatajiwa moja moja mpaka saba zikaisha. "Hiyo ni divisheni wani hiyo! Mpe bibi yako simu! Mama, umesikia? Huyo mtoto ni baba yake mtupu."

Simu ilipokatika, mama wa vitenge alikuwa ameketi kwenye ndoo, anamenya vitunguu. "Na zile zingine?" aliuliza taratibu. "Zimekufa? Tuende matanga?"

Mtoto alikunja ile karatasi, nyekundu ikakaa ndani.

*

Mwisho wa mwaka ule aliambiwa arudie darasa.

Nilidhani sasa mlango utafutwa. Mwanangu alilipokea jambo kwa namna nyingine. Alikaa kwenye cherehani yake bila kushona, halafu akasema, "Ni kwa sababu tumetoka Tanzania." Na mimi, Mungu anajua, nilijua kwa nini anasema hivyo. Tuliporudi tulikuta shamba letu lina watu, tukalala kwa ndugu, tukaitwa majina. Mtu aliyekwisha kusukumwa, akiguswa begani anajua ni kusukumwa tena. "Mtoto mwenye hesabu kama zile wanamrudishaje nyuma?" alisema. "Wanamwonea. Sasa mwaka huu ongeza kwenye saba, wakose la kusema." Akachukua chaki akazikoleza herufi, maana zilikuwa zimeanza kufifia pale mtu anaposukuma mlango.

Tukarudi Musinzira. Mwaka wa kurudia ni mwaka mrefu. Mtoto aliketi na walio wadogo kwake, anasikia masomo aliyokwisha kuyasikia, na alikuwa ameacha kunichorea. Usiku wa mvua au wa nyota, ni masomo saba yaleyale. Siku moja nilimwambia, "Soma na Kifaransa kidogo, mama yangu. Nani atajua?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Baba mdogo akiuliza nimesoma nini, nimwambie nini, bibi? Yeye ndiye anayeshona mpaka mgongo unapinda ili niwe hapa."

Baada ya Pasaka shule ikaita mzazi. Mwanangu akaja kutoka Muyinga na basi la asubuhi, linalopitia Karuzi, amevaa koti aliloshona mwenyewe. Lilikuwa koti zuri. Tulipanda Mushasha pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo yangu, mtoto pembeni.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke mrefu, mpole, sauti ya chini. Alianza kwa Kirundi. Mwanangu Kirundi chake kina matamshi ya kule, na akiwa na wasomi hukipunguza kabisa, akabaki anajibu ndiyo tu, "ego, ego." Mwalimu akaliona hilo, akahamia Kiswahili bila kusema kitu. Nilimpenda kwa hapo.

"Baba," alisema, "huyu mtoto ana akili. Ukimpa namba, anakokotoa kuwapita wengi. Lakini swali likija kwa maneno anakwama, kwa sababu maneno ni ya Kifaransa. Kifaransa hakisomi kabisa. Kirundi hasomi. Uraia anatoa karatasi nyeupe. Nimemuuliza, amekataa kuniambia sababu."

Mwanangu akajiweka sawa. "Mwalimu, yapo masomo anayoyaweka mbele. Tumepanga. Yale saba mazuri ndiyo yatahesabiwa."

"Yatahesabiwa wapi?"

"Kwenye divisheni."

Mwalimu hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. "Baba, huku hakuna divisheni. Hakuna somo la kuacha. Tunachukua yote, ya mwaka mzima, na aliyeanguka mengi hapiti hata akiwa wa kwanza kwenye hisabati. Na huyu anarudia. Akianguka safari hii, shule haitaweza kumbakiza."

"Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, mwalimu."

"Ni jambo jema, baba. Lakini ni kule."

Kulikuwa na mwanafunzi nje anafagia, ufagio unakwaruza saruji. Mwanangu alitazama viatu vyake. Nikamwona kama alivyokuwa mdogo akitumwa dukani akapoteza alichotumwa. Kisha akasimama, akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili.

Mtoto alikuwa akingoja chini ya ukingo wa paa. Akamtazama baba yake mdogo usoni.

"Mwalimu anasema nini?"

"Anasema uongeze bidii," alisema. Basi.

Tulishuka. Mtoto alipotangulia kidogo, nikamshika mwanangu mkono wa koti. "Mwambie mtoto. Mwambie mpango umekufa."

"Nimemwambia aongeze bidii, mama. Bidii ni neno la kila kitu."

"Si hilo uliloambiwa."

"Unataka nimwambie nini? Kwamba miaka miwili..." Hakumaliza. Akapanda basi la mchana bila kula.

Nilimwambia mimi, jioni, jikoni, mama wa vitenge akiwa amekaa kwenye ndoo yake. Nilisema alichosema mwalimu, neno kwa neno. Mtoto hakushtuka. Alisema, "Nilijua, bibi. Nilijua tangu mwaka jana." Akachota maji akanawa uso.

"Kama ulijua, kwa nini hukusema?" mama wa vitenge akamkaripia. "We mtoto iko na kichwa ya nini, ya kubebea mtungi?"

"Ningemwambiaje?"

Yule mama akainuka kwenye ndoo, akampa kanga ajifute uso.

*

Muhula ule wa mwisho nimeuona kwa macho yangu. Mtoto alihamisha kitanda kwenda chumba cha binti wa mwenye nyumba. Wakawa wanaongea Kifaransa tangu asubuhi, wakipika, wakifua, wangu anakosea neno lipi ni la kiume na lipi la kike, mwenzake anamtania: "Umeoa meza, au meza imekuoa?" Siku za soko alikaa kwenye kibanda cha vitenge, kila mteja aliyesema Kifaransa akampokea yeye. Uraia alikuwa akinisomea mimi, nami nikimuuliza maswali kwa kusoma polepole kutoka daftari. Kirundi nilimpa mimi mwenyewe: methali, vitendawili, vile vya mama yangu, vilivyokuwa vimekaa ndani yangu miaka yote ya Tanzania bila kazi. Mitihani ya muhula huo, Kirundi kilivuka nusu. Uraia ukavuka. Kifaransa kilibakiza kidogo sana. Kalamu nyekundu ilipungua.

Lakini wanahesabu mwaka mzima, na mihula miwili ya kwanza ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Siku ya matokeo shule zote hufanya hivi: wazazi wanasimama uani, direkta, mkuu wa shule, anasoma majina ya waliopita, kuanzia wa kwanza kwenda chini. Anayesikia jina lake anakimbia mbele. Baada yao wanasomwa wenye masomo machache ya kurudia mtihani. Wengine hawasomwi. Hakuna anayewaambia waende; wanajiendea.

Mwanangu hakuja. Alisema ana sare za kushona. Mama wa vitenge alifunga kibanda chake akaja, na alikuwa na kopo la poda kwenye mkoba. "Kwetu Kivu mtoto akipita tunamwagia poda kichwa yote," aliniambia. "Ni lazima aonekane barabarani."

Ilikuwa kiangazi, upepo wa Gitega una baridi na vumbi. Direkta akaanza. La kwanza, la msichana wa Musinzira, jirani yetu. Makofi. La pili, la tatu. Nilikuwa nayashika yote. Siwezi kuzuia, yanaingia yenyewe. Wazazi kulia wakipiga vigelegele, kushoto wameshika midomo. Mtoto wangu alikuwa amesimama na darasa lake, mikono nyuma, amechana nywele vizuri. Tulipofika katikati mama wa vitenge akatoa kopo, akalifungua nusu. Jina la mapacha, mmoja kisha mwingine. Jina la kijana mmoja wa Gishubi, aliyekuwa akija na viatu mkononi ili asivichoshe. Direkta akakunja karatasi ya kwanza.

Akasoma wenye kurudia mtihani. Hawakuwa wengi. Akakunja karatasi ya pili, akaanza kushukuru wazazi.

Mama wa vitenge alibaki na kopo. Kisha akaenda kwa yule kijana wa Gishubi, ambaye wazazi wake hawakufika, akammwagia poda kichwani, mabegani, kopo zima, huku analia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Kijana alisimama mweupe, hajui ashukuru au akimbie.

Mjukuu wangu alikuja akanishika mkono kunisaidia kushuka mteremko. "Angalia jiwe, bibi," alisema. Ndiyo maneno yake ya siku ile.

*

Zipo shule za kulipia zinazopokea waliofukuzwa. Hizo ni za wenye nacho.

Sasa anashona na baba yake mdogo, Muyinga. Anatia vifungo, anapinda pindo. Kabla ya shule kufunguliwa wanashona sare mpaka mikono inavimba, na watoto waliopita mwaka wa tisa wanakuja kupimwa, wanajisifu seksio walizopangiwa. Yeye anawapima kifua na urefu wa mkono, pini mdomoni. Mwanangu siku hizi akiletewa karatasi ya Kiingereza anasema macho yamechoka.

Siku tuliyorudi, mwanangu alikuwa ametangulia kulowesha kitambaa. Alisugua mlango kwa sabuni ya kufulia, akasugua tena, jasho likamtoka. Chaki ya juu ilitoka. Iliyoingia kwenye nyufa za mbao haikutoka. Mtoto akamwambia, "Acha, baba mdogo. Nitafuta mimi." Akapokea kitambaa, akakianika kwenye kamba. Mlango hakuufuta. Jua la asubuhi likiingia dirishani bado unaona HISABATI na nusu ya KEMIA.

Mwezi uliopita homa ilinirudia. Yule mama wa maabara alinitoboa kidole, akaniuliza, "Mjukuu wako yuko wapi? Bado anasoma?" Nikasema yupo, anashona. Akainamia hadubini yake. "Mwambie aje siku moja aangalie tena." Nilifikisha salamu. Mtoto alisema ahsante, akaniuliza kama nimekula kabla ya kumeza dawa.

Nikichambua maharage, majina ya siku ile yanapita kichwani kwa mpangilio wake, kama direkta alivyoyasoma, kuanzia la msichana wa Musinzira. Mapacha wanakuja, mmoja kisha mwingine. Hapo kabla ya kijana wa Gishubi ninasimama, ninaweka la mjukuu wangu. Siliweki mbele, wa katikati nao hupita. Nalitamka kwa sauti ikiwa mwenyewe hayupo karibu. Kisha nalitaja la kijana, nashuka mpaka la mwisho, na natoa mawe kwenye maharage.